Shahidi wa Kijito cha Kagogo

Huko Minago, nchini Burundi, barabara ya kwenda Rumonge inapita kati ya vilima na ziwa. Upande wa juu kuna michikichi. Upande wa chini kuna mitumbwi, vichanja vya kuanikia ndagala, yaani dagaa, na nyumba za watu. Kijito kimoja kinashuka kutoka vilimani, kinapita chini ya barabara na kuingia ziwani. Kinaitwa Kagogo. Karibu na kijito hicho aliishi Shadia, pamoja na mume wake Asmani na binti yao Nadia, aliyekuwa darasa la pili.

Kazi ya Shadia ilikuwa mihogo. Aliinunua mibichi kutoka kwa wakulima, akaimenya, akailoweka katika vidimbwi vya Kagogo mpaka ilainike, kisha akaianika na kuitwanga. Unga wake ulikuwa mweupe, na bugali wake, yaani ugali, haukuwa na harufu kali. Kila siku ya soko wateja walimtafuta yeye kwanza.

Asmani alikuwa dereva wa Izini. Hivyo ndivyo watu wa Minago walivyokiita kiwanda cha mafuta ya mawese na sabuni kilichojengwa juu ya barabara. Kiwanda kilikuwa mali ya kampuni moja kubwa ya Ulaya. Hakuna mtu wa Minago aliyewahi kuwaona wenye kampuni hiyo. Walichokijua ni geti la bluu, moshi na malori. Hata hivyo, Izini iliwapa watu kazi. Mabati ya nyumba ya Shadia yalitokana na mshahara wa Asmani. Kwa hiyo watu walipoanza kuisema vibaya Izini, Shadia alinyamaza.

Shida ilianza na mvua. Mvua za msimu zilipoanza, maji ya Kagogo yalishuka meusi, yenye povu, yakinuka kama mafuta yaliyooza. Kesho yake yakasafika. Mvua iliponyesha tena, uchafu ukarudi. Mihogo ya Shadia ilitoka kidimbwini ikiwa na utelezi na rangi ya kijivu. Aliiosha na kuiosha tena, lakini harufu haikutoka. Mahali kijito kilipoingia ziwani, samaki wadogo walielea wamekufa.

Kisha Nadia akaanza kujikuna miguu. Watoto wote wa upande ule walizoea kuoga Kagogo. Baada ya siku chache miguu ya Nadia ilivimba na kutoka vidonda. Shadia akambeba mgongoni hadi kituo cha afya.

Muuguzi Protasi alivisafisha vidonda polepole. Alimuuliza Nadia anaoga wapi. Alipojibiwa, alitikisa kichwa. Alisema kwamba watoto wanaotumia maji ya bomba hawana vidonda vile. Wanaotoka Kagogo wanavyo, na kila mvua ikinyesha wanaongezeka.

"Mimi natibu kidonda," alisema. "Kinachokileta siwezi kukitibu hapa. Mutoto asiguse yale maji tena. Na kila akiumwa, mulete, niandike kwenye karatasi yake ya matibabu."

Tangu siku ile Shadia aliogopa mawingu. Yakikusanyika juu ya vilima, aliacha kila alichokuwa akifanya. Alikimbia kuopoa mihogo yake, akawaita watoto watoke majini, akarudi nyumbani kuhakikisha kwamba Nadia yupo.

Alasiri moja mvua ilimkuta akiwa na beseni kichwani. Alikuwa akipanda kando ya kijito kutafuta mahali ambapo maji bado ni safi, apate kuhamishia vidimbwi vyake. Alipita michikichi ya mwisho, akafika nyuma ya ukuta wa Izini. Hapo akasimama.

Lori la tangi lilikuwa limeegeshwa, nyuma yake imeelekea kijito. Mpira mnene ulikuwa ukimwaga maji meusi moja kwa moja ndani ya Kagogo. Maji yale yalitoa mvuke. Mtu mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa ameshika mkono wa bomba. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Shadia alilijua bega hilo. Lilivunjika mwaka waliooana, na yeye ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto mpaka likapona.

Asmani aligeuka, akamwona. Wakaangaliana katika mvua. Bomba likaendelea kumwaga. Shadia akashuka na beseni lake bila kutazama nyuma.

Jioni alimtengea mume wake chakula kama kawaida. Asmani alimega tonge moja, akanawa mikono. Nadia aliwasimulia habari za shule peke yake.

Siku zilizofuata Shadia alibeba jambo hilo kifuani kama mtu aliyemeza mfupa. Akisema, Asmani atafukuzwa kazi. Huenda atafungwa. Huenda majirani watakuja kuwachomea nyumba. Na akinyamaza, je, miguu ya Nadia? Alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Alijaribu mara mbili kumwuliza mumewe. Mara zote mbili Asmani alichukua kofia yake, akatoka.

Malalamiko yalipozidi, Izini ilimtuma Clever. Huyu alikuwa kijana mtanashati, mwenye maneno laini, aliyepewa kazi ya kuzungumza na wananchi. Aliwakusanya watu kwenye kiwanja cha mpira. Aliwaambia kwamba povu la Kagogo linatokana na sabuni zao wenyewe za kufulia. Hata hivyo, alisema, Izini ina huruma. Kila nyumba itapewa mfuko wa mchele na katoni ya sabuni. Kila mtu atabonyeza dole kwenye karatasi, kuonyesha tu kwamba amepokea.

Karatasi zilikuwa ndefu, na zimeandikwa kwa Kifaransa. Watu wakapanga mstari. Mchele ulikuwa umeletwa na lori la Asmani, na yeye alisimama kando yake akitazama ardhi. Shadia alikuwa kwenye mstari amemshika Nadia mkono. Aliona wino. Aliona vidole vya wenzake vikibonyeza, kimoja baada ya kingine. Zamu yake ilipokaribia, aliuvuta mkono wa Nadia. Alisema mtoto anataka kwenda haja, akatoka kwenye mstari. Hakurudi.

Siku ya soko alikuja Aliya. Aliya alikuwa avoka, yaani wakili, katika shirika la kutetea haki mjini Rumonge. Watu walimwita Metre Aliya, kama mawakili wanavyoitwa huko. Kwa Shadia alikuwa mteja tu, aliyependa unga wake.

"Leo sikuuzii, Metre," Shadia alimwambia.

Aliya alidhani ni mzaha. Shadia akachota unga kidogo, akamwekea kiganjani, akamwambia anuse. Aliya akanusa, akakunja uso. Akauliza umetoka wapi unga wa namna hii. Hapo Shadia akaanza kusimulia: mvua, povu, samaki, vidonda vya Nadia, mchele wa Clever. Alisimulia yote isipokuwa lori na mtu aliyeshika bomba.

Aliya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kuiona karatasi ile. Shadia akamwita mwenzake wa meza ya pili, ambaye alipewa nakala. Aliya akaisoma na kuwafasiria kwa Kiswahili. Kwenye mistari ya juu, mtu alikubali kwamba amepokea mchele na sabuni. Kwenye mistari ya chini, alikubali kwamba amelipwa kwa madhara yoyote, na kwamba hataishitaki kampuni mahali popote.

Mwenzake Shadia alishika kichwa. Yeye alikuwa ameshabonyeza.

"Usikate tamaa," Aliya alimwambia. "Kama hukusomewa kwa lugha unayoielewa, jaji anaweza kuikataa karatasi hiyo. Lakini asiyebonyeza asibonyeze. Karatasi yoyote usiyoielewa, omba usomewe, omba nakala, na omba siku za kufikiri. Anayekukimbiza ana sababu yake."

Shadia akamwuliza kama mtu mdogo anaweza kweli kuishitaki Izini. Aliya akavuta kigoda, akakaa. Alisema Izini inaweza kushitakiwa hapahapa Burundi. Lakini mara nyingi kampuni za namna hii zina mtoto na mama. Izini ni mtoto. Kampuni ya Ulaya ni mama. Mama ndiye anayechukua faida na kutoa amri. Kukitokea madhara, mama husema, "Hayo ni ya mtoto, mimi siko huko." Na mtoto husema, "Mimi sina mali ya kuwalipa." Wananchi wanabaki katikati.

"Nikupe mfano," Aliya alisema. "Dereva ametumwa na patro, bosi wake, aendeshe lori lenye breki mbovu. Patro alijua breki ni mbovu, akamwambia endesha tu. Lori likagonga mtu. Nani ajibu?"

Shadia aliposikia neno dereva, aliinamia unga wake. Akajibu kwa sauti ndogo, "Wote wawili. Lakini patro zaidi."

"Ndivyo. Katika baadhi ya nchi za Ulaya, sheria inasema hivyo hivyo. Kama kampuni mama ilijua hatari, na ilikuwa na uwezo wa kuizuia, inaweza kuitwa mbele ya majaji wa kwao. Hata kama walioumia wako mbali. Lakini lazima tuonyeshe mambo matatu. Madhara yapo. Yametoka Izini. Na wakubwa walijua. La tatu ndilo gumu. Tunahitaji mtu wa ndani ya Izini, aliyeona kwa macho yake."

Shadia alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa alikuwa na nauli ya pikipiki. Alitaka njia iwe ndefu. Mtu aliyeona kwa macho yake alikuwa analala kitanda kimoja na yeye.

Alimkuta Asmani nyuma ya nyumba, akimpaka Nadia dawa miguuni. Alingoja mtoto aende kucheza. Kisha akamweleza mumewe kila alichosema Aliya. Hakumlaumu.

Asmani alifunika dawa ya mtoto. "Mama Nadia, mimi niko natumwa tu," alisema.

"Najua."

"Nikikataa, kesho wanaweka mwingine. Uchafu utamwagwa palepale."

"Najua, Baba Nadia. Ndiyo maana sikusema kwa mtu."

Hapo maneno yakamtoka Asmani kidogo kidogo. Ndani ya Izini kulikuwa na bwawa kubwa la kutunza maji machafu. Mashine ya kuyasafisha iliharibika zamani, na bwawa lilijaa mpaka ukingoni. Mkubwa wa Izini aliomba mashine mpya kutoka Ulaya. Badala ya mashine, akaja mhandisi wa makao makuu. Asmani ndiye aliyemwendesha. Mhandisi alisimama kwenye ukingo wa bwawa, akasema kwa kupitia mkalimani kwamba mashine ni ghali, na mwaka huu haitanunuliwa. Wapunguze maji wakati wa mvua, alisema, kijito kitayabeba hadi ziwani. Asmani alikuwa amesimama nyuma yake na mwavuli.

"Nilisikia kila neno," alisema. "Tangu siku ile sijalala vizuri."

Kesho yake walikwenda wote wawili Rumonge kumwona Aliya. Asmani alikalia ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kukimbia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama atafungwa. Aliya hakumdanganya. Alisema hawezi kuahidi lolote. Anaweza kupoteza kazi. Lakini mfanyakazi aliyeamriwa, tena akajitokeza mwenyewe kusema kweli, hasimami mahali pamoja na aliyetoa amri. Alimwahidi mambo ambayo yako mikononi mwake: jina lake halitatajwa mpaka yeye mwenyewe akubali, na atakuwa na wakili wa kumtetea bila kulipa. Akamwonya pia asiibe kitu chochote ofisini na asiongeze neno hata moja.

"Sema ulichoona na ulichosikia," Aliya alisema. "Usichokijua, sema hukijui. Shahidi anayeongeza chumvi anaharibu kesi yote."

Kazi ikaanza. Aliya alikuja Minago na mtaalamu wa maji. Waliteka maji juu ya mahali lori linapomwaga, kisha wakateka chini yake. Walitumia chupa safi, wakazifunga mbele ya mashahidi, wakaandika mahali na tarehe, wakaziweka kwenye barafu na kuzipeleka maabara. Maji ya juu yalikuwa salama. Ya chini yalikuwa na mafuta na soda kali ya kutengenezea sabuni. Kwa njia hiyo maneno ya Clever kuhusu sabuni za kufulia yakakosa nguvu, maana watu walifulia juu na chini. Protasi alitoa taarifa za vidonda baada ya wazazi kukubali. Wananchi walipeleka malalamiko komine, kwenye ofisi ya serikali ya eneo lao, wakatunza nakala yenye mhuri.

Si wote waliofurahi. Wengine walisema Izini ikifungwa watoto watakula nini. Aliya aliwajibu kwamba hakuna anayeomba ifungwe. Wanaomba ifanye kazi bila kuwaunguza watu. Vijana wengine walitaka kuvunja geti. Shadia mwenyewe ndiye aliyewazuia. Aliwaambia kwamba wakirusha jiwe moja, kesho kutwa watu watazungumzia jiwe na si maji.

Siku moja Clever alifika nyumbani kwao. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akakubali chai. Alisema amesikia habari kwamba kuna watu wanaongea na mawakili. Alimsifu Asmani kwa kazi nzuri. Akamtazama Nadia, akasema wana mtoto mzuri, na kazi ni vigumu kupata siku hizi. Hakuinua sauti hata kidogo. Alipoondoka, Shadia alimwita Nadia karibu, akafunga mlango. Aliyaeleza maneno yote kwa Aliya siku ileile, naye akayaandika na kuipelekea Izini barua ya kuonya kwamba mashahidi wasitishwe.

Mwezi uliofuata Asmani aliachishwa kazi. Hakupewa sababu.

Mambo yalikuwa magumu. Asmani alipata vibarua vya kubeba samaki kutoka Magara, kando ya ziwa. Shadia alihamishia mihogo yake mbali, kwenye chemchemi ya jamaa yake. Kesi ilifunguliwa Ulaya na mawakili wa huko waliofanya kazi pamoja na shirika la Aliya. Walioshitaki walikuwa familia nyingi za Kagogo, pamoja na baadhi ya waliokwisha kubonyeza dole. Mwaka ukapita, mwingine ukaingia. Kila simu ilipolia, Shadia aliruka. Mara kampuni iliomba kesi isisikilizwe kabisa, ikidai Izini ni kampuni nyingine inayojitegemea. Shadia alikosa usingizi kwa wiki nzima. Majaji wakasema kesi itasikilizwa.

Kabla ya kutoa ushahidi, Asmani alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Aliwaita majirani, akawaambia yeye ndiye aliyekuwa akifungua bomba. Shadia alikaa karibu naye, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akingoja matusi. Baadhi waliinuka wakaondoka. Mama mmoja alilia. Mzee Leonidasi, ambaye wajukuu wake walikuwa na vidonda kama vya Nadia, alimsogelea. Akamwuliza kama maneno haya atayasema pia mbele ya majaji. Asmani akajibu ndiyo. Mzee akasema, "Basi kaa. Sisi tutangoja."

Asmani alitoa ushahidi akiwa Bujumbura, mbele ya kamera, na majaji wakamwona kwenye skrini kule kwao. Wakili wa kampuni alimwuliza kwa hila, akarudia maswali yaleyale kwa namna nyingine. Asmani alisema alichosikia kwenye ukingo wa bwawa. Alichokuwa hakijui, alisema hakijui. Baadaye mhandisi mwenyewe aliitwa. Alikubali kwamba alifika Minago, na kwamba aliwaarifu wakubwa wake.

Hukumu ilikuja msimu wa kiangazi. Aliya aliwasomea kwa sauti, sehemu kwa sehemu. Majaji walisema kampuni mama ilijua, ilikuwa na uwezo wa kuzuia, na haikuzuia. Kwa hiyo iwajibike. Iwalipe walioumia, itengeneze bwawa, ilete maji ya bomba, na igharimie matibabu. Tena iruhusu wananchi kukagua bwawa wenyewe. Watu hawakupiga kelele. Walimwomba Aliya arudie mahali paliposema kampuni ilijua. Akarudia. Shadia alimtazama mume wake, akamwekea mkono kwenye bega lake la kushoto.

Kampuni ilitaka kukata rufaa, kisha ikaacha. Mashine mpya ikafika. Bomba la maji safi likafika. Miguu ya Nadia ilikuwa imepona, ila alama zilibaki. Samaki hawakurudi mara moja, na Aliya aliwaambia wazi kwamba kijito kitahitaji muda.

Watu wa Kagogo walichagua wakaguzi watano. Shadia alikuwa mmoja wao. Asubuhi ya ukaguzi wa kwanza alivaa viatu vya mpira na kupanda hadi kwenye geti la bluu. Kwa miaka yote hakuwahi kupita pale. Mlinzi alimtazama kutoka juu hadi chini, akamwuliza yeye ni nani na anataka nini.

Hofu ilikuwa bado ipo tumboni mwake. Shadia aliisikia, akaiacha ikae.

"Amahoro," alimsalimu kwa Kirundi. "Mimi ni mmoja wa watu walioshitaki. Nimekuja kuona bwawa."

Mlinzi alimtazama tena. Kisha akatafuta ufunguo, akafungua geti, akasogea kando ili apite.